Gazeti Ndani ya Viatu

Bado amesimama getini yule dubu wa mbao,
mkono kaunyoosha, rangi imembabuka puani:
Asiyenifikia hapa haruhusiwi.
Mwaka ule Jagoda alikuwa na miaka saba,
akapungukiwa na urefu wa vidole viwili,
akalia mpaka akapaliwa.
Nikampeleka nyuma ya vyoo, nikachana gazeti la Jumamosi,
kurasa za tanzia na za mpira,
nikazishindilia ndani ya raba zake.
Akapita. Kwa mwendo wa bata, lakini akapita.

Leo ana kumi na nne na nusu
(hiyo nusu usiisahau, ataidai).
Mkono wa dubu unamfika kiwikoni,
naye hana habari naye.
Yuko hatua kumi mbele yangu. Nimezihesabu:
nikiongeza mwendo, anaongeza;
nikiinama kufunga kamba ya kiatu, anasimama,
ameikodolea simu
kama mtu anayemngoja mwingine kabisa.

Mama yake yuko zamu, hospitali ya Gliwice.
Saa nne kaniandikia: Anakula? Anacheka?
Nikajibu: Anakula.

Soseji mbili, zloti hamsini na nne.
Haradali bure.
Manyunyu ya Silesia, yasiyonyesha wala kukoma,
na mimi mbeba koti, mbeba chupa, mbeba mkoba,
kigingi cha kutundikia vitu, chenye masharubu.
Yeye yuko juu huko, kichwa chini miguu angani,
nami nimekaza shingo
nikivitafuta viatu vyake kati ya viatu.

Kisha akaja, nywele zimemvurugika.
"Baba, twende kwenye mnara."
Twende. Hakusema naenda.
Nami, mtu mzima na mvi zangu,
nikaiokota ile twe
kama noti iliyoanguka njiani,
nikatazama huku na huku kabla ya kuitia mfukoni.

Miaka kumi na tisa nilishuka mgodini,
mita mia saba, kizimba kimejaa wanaume na pumzi za vitunguu,
bila mkanda, bila muziki,
na kushuka hakujawahi kunitisha.
Lakini huku kwanza wanakupandisha.
Polepole, uone vyote:
bomba la kiwanda, mnara wa kanisa,
kile kilima cheusi cha mabaki tulichokitapika sisi,
sasa kimeota nyasi, watoto wanakiteleza kwa baiskeli,
na kule mwisho, gurudumu la mgodi wetu,
halijazunguka tangu siku walipotugawia saa za ukumbusho
wakafunga lango.

Magoti yangu yakaanza mazungumzo yao.
Jagoda alikuwa akitazama mbele tu.
"Mkishuka mgodini," akasema, "mlikuwa mnaambiana nini?"
Sikujua kama anajua
kwamba kulikuwa na neno.
"Mungu akubariki. Kila mtu kwa kila mtu.
Hata kwa uliyemchukia."
"Basi sema."

Nikafungua kinywa. Wakatuachia.

Kibandani, picha yetu:
yeye anacheka, nywele zake zote zimesimama wima;
mimi nimefumba macho, mdomo umenasa kwenye Mu.
Zloti thelathini na tano. Wizi huu, nikamwambia muuzaji.
Jagoda alicheka mpaka akapaliwa,
akalipa kwa hela yake mwenyewe,
akaisukumiza mfukoni mwa koti lake
ambalo bado nilikuwa nimelibeba mimi.

Tukirudi alinitangulia tena,
hatua saba. Labda nane.
Kwa dubu akasimama. Akakunja magoti,
akajishusha, akajishusha,
hadi utosi wake ukawa chini ya ule mkono wa mbao
kwa vidole viwili,
akaganda hivyo, ulimi nje, watu wakimpita,
akingoja nione.

Nikajipapasa. Tiketi, leso, pakiti ya haradali.
Siku hizi nani hutembea na gazeti?